Usimtume Mtoto Kudai Matunzo Yake

*Shangazi, niko Izia, Sumbawanga. Mimi na mume wangu tulipeana talaka 2023 na Mahakama ya Mwanzo ikaamuru atoe shilingi 80,000 kila mwezi kwa ajili ya watoto wetu wawili. Alitoa miezi michache akaacha. Ana stoo ya mahindi, hali yake si mbaya. Mimi nashona, na kuna wiki hapatikani mteja. Wazee wa ukoo na padre wamesema naye, anaitikia tu. Nikirudi mahakamani watu watasema bado namfuata. Kwa hiyo Jumamosi namtuma mkubwa wetu, ana miaka 11, aende stoo kwa baba yake. Juzi alikaa juu ya magunia mpaka wateja wakaisha, akarudi na soda na shilingi 2,000. Siku hizi nikimtuma anasema tumbo linamuuma. Nifanyeje nilipwe?*
*Mama wa wawili*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu, nimeikata; mengi yalihusu ndoa ambayo imeshakwisha. Kilichonikaa rohoni ni tumbo la huyo mtoto. Umelitaja kwa kupita tu, halafu ukarudi kwenye hela.

Tumbo linamuuma kweli. Mtoto wa miaka 11 anajua amekalishwa pale kwa ajili gani. Anaona baba yake akihesabu noti za wateja na kukwepa kumtazama. Anajua pia kwamba akirudi mikono mitupu, mama atanyamaza hadi usiku. Soda ile kapewa ili aondoke, na hilo analielewa. Umemtwika kazi ambayo wewe, mtu mzima uliyeshinda kesi, unaiogopa kwa sababu ya maneno ya majirani.

Nakugombeza kwa sababu najua kinamama wengi waungwana wanaofanya hivi wakiamini ni busara: akimwona mwanawe, roho yake italainika. Hailainiki. Baba anazoea kwamba 80,000 zinamalizwa kwa 2,000, na mtoto anazoea kuomba kilicho haki yake. Miaka inapita, kijana hataki hata kupita karibu na stoo ile, kisha ukoo unashangaa kwa nini hampendi baba yake.

Sasa hili la "namfuata". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, inamtaka baba awape watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inampa mtoto haki hiyo hiyo ya kutunzwa na wazazi wake. Fedha hizo ni za wanao, wewe ni mshika amana tu, na mshika amana anayenyamaza kwa kuona aibu anawanyima wenye mali. Hao majirani, baridi ya Juni ikishuka hapo Ufipa, nani kati yao atamnunulia mdogo sweta? Elimu bila ada tunayo tangu 2016, lakini sare na madaftari bado vinatoka mfukoni kwako, kwa sindano yako. Mwanamke anayeingia mahakamani mchana kweupe akiwa na karatasi zake anajiheshimu kuliko anayejificha nyuma ya mgongo wa mwanawe. Hilo nimeliamini miaka yote na sitaliacha.

Huenda mzee wa mahindi atasema biashara imeanguka. Mahindi hupanda na kushuka bei, kila aliyeishi Rukwa anajua. Lakini kama kweli hawezi, kifungu cha 133 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa kinaruhusu amri ya matunzo ibadilishwe. Aende akamweleze hakimu, aache kumweleza mtoto. Kabla hajafanya hivyo, amri iliyopo ndiyo inayosimama.

Wazee na padre wamefanya sehemu yao, waache wapumzike. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa anaweza kumwita baba watoto mzungumze. Mpe baba huyo nafasi hiyo mara moja tu, isiwe kalenda nyingine ya ahadi. Baada ya hapo rudi kwenye mahakama ile ile iliyotoa amri ukaombe kukaza hukumu. Mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe na kuuzwa ili deni lilipwe, na wewe una nafuu ambayo wenzako wengi hawana: mdaiwa wako ana stoo inayoonekana na magunia yanayohesabika. Mwenzako ambaye mumewe alipanda lori la Tunduma na kubadili laini ya simu angekuonea wivu.

Jumamosi mtoto aende kwa baba yake akitaka, akacheze, akale huko, na asitumwe neno hata moja kuhusu hela. Usimzuie kwenda kwa sababu hujalipwa, maana hapo utakuwa umemtoza yeye. Mwambie waziwazi kwamba suala la matunzo umelichukua wewe.

Wiki hii chukua daftari uandike kila mwezi uliolipwa na kila uliorukwa, pamoja na tarehe. Ujumbe wa simu wa fedha alizowahi kutuma usiufute. Omba nakala ya hukumu kwa karani kama huna. Ukisimama mbele ya hakimu, omba pia fedha ziwe zinatumwa kwenye namba yako ya simu, ili pasiwe na mtu yeyote wa kutumwa stoo.