Hofu ya Mtoto Kuelekea Mwaka 2027
Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watahitimu pamoja, kwa kuwa mtaala ulioanza Januari 2024 umepunguza mwaka mmoja wa elimu ya msingi. Mzazi wa Buguruni huuliza nafasi za kidato cha kwanza. Mtoto huuliza kwa mwili. Tumbo humuuma asubuhi za shule tu, usingizi humruka, pengine hukojoa tena kitandani. Achunguzwe kwanza minyoo na maambukizi ya mkojo. Yasipoonekana, huo si uvivu, wala fimbo si dawa yake. Aelezwe yanayojulikana bila ahadi za uongo. Tuisheni isile saa za kulala. Dalili zikipita wiki mbili, arudishwe kituo cha afya. Akitaja kufa, siku hiyo hiyo.