Istilahi ya Ukiushi katika Upimaji wa Sumaku ya Miamba kutoka Angani: Mfano wa Mbololo

Utangulizi
Mwanafunzi wa elimumtindo analifahamu vyema neno ukiushi: msanii huenda kinyume na kaida ya lugha ili kipengele fulani kijitokeze. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba dhana hiyo inaweza kuwafaa wanajiolojia pia. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, serikali ya Kenya iliendesha upimaji wa kijiofizikia wa nchi nzima kwa kutumia ndege. Mbololo, karibu na mji wa Voi, imo katika Ukanda wa Msumbiji, ambao miamba yake ya kale iligeuzwa kwa joto na mgandamizo mkubwa.

Jinsi upimaji unavyofanyika
Ndege huruka kwa kufuata mistari sambamba, kisha mistari michache ya kukingama kwa ajili ya ulinganishi. Magnetomita hupima nguvu ya uga sumaku wa dunia, ambayo huwa takriban kati ya nanotesla 25,000 na 65,000. Wakati huohuo, kituo cha ardhini hurekodi mabadiliko ya kila siku yanayosababishwa na jua, ili yaondolewe katika vipimo. Kaida ya eneo nayo ikishaondolewa, hubaki tofauti ndogo zinazoletwa na miamba, hasa yenye magnetaiti.

Tatizo la istilahi
Tofauti hizo zikiitwa hitilafu au kasoro, msikilizaji atadhani ardhi ina ubovu au mtambo umeharibika. Zikiitwa dalili za madini, atatarajia utajiri. Istilahi ukiushi wa sumaku inataja kuachana na kaida bila kutoa hukumu. Aidha, kama ilivyo katika ushairi, ukiushi hauna maana mpaka ufasiriwe. Karibu na ikweta ya sumaku, kama ilivyo Kenya, mwamba wenye sumaku nyingi unaweza kuonekana kwenye ramani kama bonde badala ya kilele. Vilevile, tsavoraiti, kito cha kijani kinachoipa Taita Taveta sifa, hakina usumaku wa kutambuliwa na ndege. Kinachoweza kuonekana ni mikunjo na mipasuko ya miamba, na kazi ya kutafuta kito hubaki ardhini.

Huenda ikadaiwa kuwa ukiushi tayari ni mali ya elimumtindo. Hata hivyo, neno mzizi linatumika katika botania, sarufi na hisabati bila kuwachanganya wanaolitumia.

Umuhimu kwa jamii
Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwenye shamba asiyeelewa ramani anaweza kuuza ardhi kwa bei ya kutupa, au kung'ang'ania matumaini yasiyo na msingi.

Hitimisho
Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini katika kaunti hiyohiyo. Wanafunzi wa Kiswahili na wa madini hawana budi kukaa pamoja, waandae orodha fupi ya istilahi, kisha waijaribu barazani Mbololo. Istilahi itakayoeleweka huko ndiyo itakayostahili kuingizwa kamusini.