Mita Moja, Wapangaji Wanne: Umeme na Maji katika Nyumba ya Kupangisha

Mwenye nyumba tunayemkusudia katika somo hili si kampuni yenye maghorofa. Ni mstaafu aliyejenga vyumba vinne uani kwake, mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili, au mtumishi aliyehamishiwa mkoa mwingine akamwachia ndugu yake kazi ya kukusanya kodi. Baadhi yao hufika ofisini kwetu wakiwa wamekwisha kugombana na wapangaji, na tunapowasikiliza tunabaini kuwa ugomvi haukuanzia kwenye kodi. Ulianzia kwenye umeme. Uniti zimekwisha saa tatu usiku, kila chumba kinadai kuwa ndicho kilichochangia mara ya mwisho, na mwenye friji anatazamwa na wenzake kwa jicho baya.

Wengi hudhani kuwa dawa ya ugomvi huo ni wapangaji kuwa waungwana zaidi. Uungwana unasaidia, lakini chanzo kimojawapo ni hesabu, na hesabu hiyo inastahili kufanywa kwa utulivu kabla ya kumlaumu mtu.

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, ambazo ndizo tulizozitumia katika mfano huu, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, yaani wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa katika kundi la D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kawaida, wa kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini ya asilimia 3 na tozo ya udhibiti ya asilimia 1, uniti ya D1 inafikia shilingi 122 na ya T1 takriban shilingi 356. Ndiyo maana anayenunua umeme wa shilingi 10,000 katika T1 hupata uniti 28 tu.

Sasa tuchukue nyumba yenye wapangaji wanne wanaotumia mita moja ya LUKU. Kila kaya ina taa, feni, televisheni na pasi, na hutumia uniti 45 kwa mwezi. Hakuna hata mmoja kati yao anayekaribia uniti 75. Lakini mita haizijui kaya. Inachokiona ni mteja mmoja anayetumia uniti 180. Mteja huyo ni wa T1, na kwa mwezi nyumba nzima inalipa takriban shilingi 64,000, sawa na 16,000 kwa kila kaya. Laiti kila kaya ingekuwa na mita yake katika D1, ingelipa takriban shilingi 5,500. Wapangaji wanne wenye kipato kidogo wanalipa mara tatu ya kile ambacho wangelipa, kwa sababu tu wanachangia mita. Mpangaji anayebanwa namna hiyo kila mwezi ndiye atakayechelewesha kodi yako.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni mita ya kila kaya, pale fedha zinaporuhusu. Maombi hupelekwa ofisi ya TANESCO ya eneo lako. Kila sehemu itakayopewa mita sharti iwe na nyaya zake zenyewe, zilizowekwa na fundi mwenye leseni. Hapa tunasisitiza: fundi wa mtaani asiye na leseni anaweza kukupunguzia gharama leo, lakini nyaya zilizochanganywa kati ya chumba na chumba ni hatari, tena humfanya mpangaji mmoja kulipia taa za mwenzake bila kujua. Wala usidhani kuwa mita mpya itaingia D1 yenyewe. Uliza kundi lake, na ikiwa matumizi yanastahili, omba libadilishwe. Mpangaji naye aelezwe kuwa akiwa D1 na kuvuka uniti 75, zile za ziada hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi na tozo, bei iliyo juu kuliko hata ya T1.

Kama mita mpya hazijawezekana, mita ndogo kwa kila chumba ni nafuu ya muda. Haipunguzi bei, kwa kuwa umeme bado unanunuliwa kupitia mita kuu, ila inamaliza ubishi wa nani ametumia nini. Toza kwa bei ileile uliyonunulia. Tumekutana na wenye nyumba wanaojiongezea chochote juu ya kila uniti. Wapangaji hugundua mapema, kwani risiti ya LUKU huonyesha kila kitu. Na pale ambapo hata mita ndogo haipo, andikeni kanuni ya kuchangia kabla mpangaji hajaingia. Kuchangia sawa kwa sawa hakumfai mwenye taa mbili anayepakana na mwenye friji na jiko la umeme.

Kodi ya majengo

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa hukokotolewa kwa kila sakafu. Deni hili ni la mwenye jengo. Lakini anayekatwa ni yule anayetangulia kununua umeme mwezi unapoanza, na katika mita ya kuchangia wapangaji huishia kutegeana nani atangulie. Mrudishie aliyekatwa, au mpunguzie kwenye kodi ya pango, na jambo hilo liwe kwenye mkataba. Ukiwa umeongeza mita, hakikisha nyumba moja haikatwi mara nne. Ikitokea, peleka namba za mita hizo TRA zirekebishwe.

Maji

Bili ya maji huja baada ya matumizi, na akaunti kwa kawaida ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akihama bila kulipa, mamlaka ya maji itakudai wewe. Siku ya kuingia na siku ya kutoka, someni mita pamoja, ipigeni picha, na nyote wawili mtie saini kwenye karatasi yenye tarakimu hizo. Dakika tano zinatosha.

Kukata huduma

Limebaki swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini: je, mpangaji asiyelipa kodi anaweza kukatiwa umeme au maji ili aondoke? Jibu letu ni hapana. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji atumie nyumba bila kubughudhiwa, na hata anapokuwa amevunja masharti kwa kutolipa, njia ya kumwondoa ni notisi ya maandishi na kisha shauri. Anayeng'oa mlango au kuficha kadi ya LUKU hujikuta yeye ndiye mlalamikiwa, ilhali deni lake lilikuwa la haki.

Anza kwa kuzungumza naye mbele ya uongozi wa serikali ya mtaa, na mnachokubaliana kiandikwe. Baraza la Kata linaweza kuwapatanisha. Likishindwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa mkataba, nakala ya notisi na kumbukumbu za malipo, nazo kumbukumbu ziwe za pande zote mbili: kodi uliyopokea, na kodi ya majengo uliyomrudishia mpangaji. Kwa malalamiko yahusuyo huduma yenyewe, kama mita inayosoma vibaya au kundi la bei lisilo sahihi, anza na mtoa huduma na umwombe namba ya lalamiko. Bila namba hiyo hatuwezi kulifuatilia lalamiko lako.