Mbwa Mtiifu, Alama Nzuri: Nani Anauliza Alifundishwaje?

Wanachuo wenzangu, wengi wetu mbwa tunayemjua ni yule wa kulinda geti. Ulaya, hasa Ujerumani, mbwa wana mashindano yao kabisa. Mojawapo huitwa IGP. Mbwa hupimwa katika kufuata harufu ya nyayo, utii na ulinzi. Kila sehemu ina alama 100, jumla 300. Kwenye utii, akichelewa kukaa au akipinda kidogo tu, alama zinakatwa.

Sasa tatizo liko wapi? Mwamuzi anaona dakika chache za uwanjani, haoni miezi ya mazoezi. Mkanda wa shingoni wenye meno ya chuma, au ule unaopiga shoti kwa rimoti, hauruhusiwi kwenye mashindano. Lakini mtu anaweza kuutumia mazoezini, akauvua siku yenyewe, na kikombe akabeba.

Waliosoma saikolojia wanamkumbuka B. F. Skinner: kiumbe hurudia tendo lenye faida na huacha lenye maumivu. Kwa hiyo adhabu inafanya kazi, tusidanganyane. Swali ni je, kwa gharama gani?

Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya kuchunguza mbwa 92 wa kufugwa nyumbani. Waliotoka shule zinazotegemea adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na baada ya mazoezi homoni ya kotisoli kwenye mate yao ilipanda zaidi kuliko kwa mbwa waliofundishwa kwa zawadi. Huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2014 haukuona kwamba mkanda wa umeme unafundisha vizuri kuliko zawadi. Yaani mbwa anaumizwa, na faida yenyewe haionekani.

Sheria zimeanza kubana. Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010. Ujerumani nayo, tangu 2022, imekataza mikanda yenye meno na vifaa vingine vya kuumiza katika mafunzo. Hata hivyo, polisi hawezi kusimama kwenye kila uwanja wa mazoezi. Mchezo unaozawadia matokeo bila kuuliza njia unamwachia mkatili nafasi ya kushinda.

Maswali ya kujadili:
1. Mwamuzi afanye nini ili kipimo kiguse pia namna mbwa alivyofundishwa?
2. Utii unaotokana na woga, je, ni utii kweli?