Wazazi Wakiachana, Mtoto Alale Wapi?

SOMO LA AFYA YA FAMILIA



Sisi wahudumu wa afya wa kijiji (VHT) tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chandarua, choo, maji na chanjo. Mara nyingi tukiuliza, "Kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi?" tunajibiwa, "Iko kwa baba yake kule Juru," au "Mama yake aliondoka nayo." Hapo tunaona kwamba ugomvi wa wakubwa umeanza kuwa ugonjwa wa mtoto. Ndiyo maana somo la leo linahusu sheria, ingawa linatoka kwa watu wa afya.

Tutajifunza amri ya mahakama kuhusu malezi ni nini, ina mambo gani ndani yake, na namna ya kuipata. Wazee wetu mtusamehe kama tutagusa desturi. Hatuji kuwafundisha ndoa. Tunakuja kumsemea mtoto.

1. MTOTO NI WA NANI?

Kwetu wengi husema mtoto ni wa baba kwa sababu mahari ilitolewa. Wengine husema mtoto ni wa ukoo wa mama. Wazazi wakiachana, kila upande huleta wazee wake na kila upande una hoja.

Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 2016, haianzi na swali hilo. Inauliza: ni mpango gani utakaomfaa mtoto huyu? Hiyo ndiyo maana ya maneno "maslahi ya mtoto". Mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hii inamlinda mtoto mkimbizi kama inavyomlinda mtoto wa mwenyeji. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kwenda mahakamani. Basi usiseme, "Mimi ni mkimbizi, mahakama si yangu."

2. HAKIMU ANAANGALIA NINI?

Hakimu hatafuti nani alikosea katika ndoa. Sheria inamwelekeza kuangalia mambo haya:

(a) Mtoto mwenyewe anataka nini, kulingana na umri wake na uelewa wake.
(b) Mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya masomo.
(c) Atapatwa na nini akihamishwa kutoka mahali alipozoea.
(d) Umri wake, kama ni msichana au mvulana, na hali aliyokulia.
(e) Madhara aliyokwisha kupata au anayoweza kupata.
(f) Uwezo wa kila mzazi wa kumtunza.

Sheria inasema pia kwamba kuchelewesha shauri la mtoto kunaweza kumdhuru. Kwa mtu mzima mwaka mmoja ni mfupi. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mwaka mmoja ni theluthi ya maisha yake yote.

Mzazi, usimfundishe mtoto maneno ya kwenda kusema mbele ya hakimu. Usimwambie, "Ukisema unampenda baba, mimi sitakupikia tena." Mtoto aliyelazimishwa kuchagua hubaki na mzigo moyoni hata baada ya kesi kwisha.

3. AMRI INA NINI NDANI YAKE?

Watu wengi hudhani mahakama humpa mzazi mmoja mtoto na kumfukuza mwingine, kama watu wanaogombea mbuzi. Sivyo. Kwa kawaida amri ya malezi hugusa mambo matatu:

- Mtoto ataishi na nani siku nyingi.
- Mzazi mwingine atamwona lini na kwa namna gani.
- Nani atatoa nini kwa ajili ya matunzo, yaani chakula, mavazi, shule, mahali pa kulala na matibabu.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Baba Neema na Mama Neema wameachana. Mama amebaki Base Camp, baba amehamia Juru. Wana watoto wawili: Neema ana miaka tisa na anasoma, mdogo wake ana miaka mitatu. Amri yao inaweza kusema hivi:

- Watoto wakae na mama siku za shule, kwa sababu shule ya Neema iko karibu.
- Kila Jumamosi ya pili waende kwa baba asubuhi, warudi Jumapili jioni.
- Nusu ya likizo wakae kwa baba.
- Baba atoe daftari, sare na sabuni kila muhula, na fedha kadiri ya kazi yake.
- Watoto wapokelewe mahali pa amani, kama kanisani, msikitini au kwa jirani anayeaminiwa na wote wawili.
- Mzazi asiwatoe watoto nje ya kambi kwenda kuishi kwingine bila mwenzake kukubali au mahakama kuruhusu.

Angalia vizuri: katika amri hii hakuna aliyeshinda. Ni ratiba. Neema anajua Jumamosi atalala wapi, na mtoto anayejua hivyo hulala vizuri hata Ijumaa.

Amri si jiwe. Hali ikibadilika, kwa mfano mzazi akiugua, akihama, au mtoto akitendewa vibaya, unaweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe. Hakimu ana uwezo wa kumwondolea mzazi mmoja malezi na kumpa mwingine. Lakini usiibadilishe wewe mwenyewe kwa hasira.

4. MATUNZO NA KUTEMBELEWA HAVIUZIANI

Hapa ndipo familia nyingi huanguka. Baba asipoleta fedha, mama husema, "Basi, huwaoni watoto." Mama akimzuia baba, baba husema, "Basi, sileti kitu." Kila mmoja anadhani anamwadhibu mwenzake, kumbe anayekosa chakula na anayekosa mzazi ni mtoto yule yule.

Matunzo ni haki ya mtoto. Kumwona mzazi wake pia ni haki ya mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kuonana huko kunamdhuru. Kwa hiyo mwenzako akivunja upande wake, wewe usivunje wako. Andika tarehe, tafuta shahidi, kisha peleka malalamiko panapohusika.

Kuna hali tofauti: mzazi anapompiga mtoto, anapomtendea mambo machafu, au anapokuja amelewa na kutishia watu. Hapo usimpeleke mtoto kwa sababu tu ratiba inasema. Toa taarifa mara moja polisi, kwenye dawati la familia na watoto, au piga simu 116 ambayo ni bure. Kama mtoto amenajisiwa, mlete kituo cha afya siku ile ile, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze kabla ya saa 72. Mahakama inaweza kuzuia ziara, au kuamuru zifanyike mbele ya mtu mwingine.

5. AFYA YA MTOTO MWENYE NYUMBA MBILI

Hata mkipata amri nzuri, mambo haya ya afya yapangwe wazi:

Kadi ya kliniki itembee na mtoto. Isifungiwe kwenye sanduku la mzazi. Chanjo za mtoto mchanga ni pamoja na zile za anapozaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua akiwa na miezi 9. Kadi ikiwa Juru na mtoto yuko Base Camp, tarehe hupita.

Dawa za kila siku zisikatwe. Kuna watoto wanaotumia dawa za kifafa, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Akienda kulala siku mbili, dawa zake ziende naye, na mzazi wa upande ule aonyeshwe saa na kipimo. Ugonjwa wa mtoto usitumiwe kumwaibisha mzazi mwenzako mbele ya majirani.

Mtoto anayenyonya. Miezi sita ya kwanza hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama, na ni vema aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kwa mtoto huyu ziara ziwe fupi na za mara kwa mara. Baba aje amshike, amtembeze, amzoee. Akikua kidogo, ndipo alale kwa baba.

Mtoto wa lishe. Kama ameandikishwa kupata chakula cha dawa kwa sababu ya utapiamlo, wazazi wote wawili wajue siku ya kupimwa. Chakula kile ni chake peke yake.

Posho. Iwe ya chakula au ya fedha, sehemu ya mtoto imfuate mtoto. Kama yumo kwenye karatasi ya familia ya baba na anaishi kwa mama, nendeni ofisi ya OPM na makubaliano yenu au amri yenu, muulize namna ya kurekebisha.

Angalieni pia dalili za moyo. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anaumwa tumbo kila siku ya kubadilisha nyumba. Anakataa kucheza, anapigana shuleni, au anashikamana na nguo ya mama hata kwenda chooni. Huyo hajarogwa, wala si mkaidi. Ana hofu. Mwambieni wote wawili, kwa maneno yale yale: "Sisi hatuishi pamoja tena, lakini si kosa lako, na sote ni wazazi wako." Ikizidi wiki kadhaa, mlete kituo cha afya tumsikilize.

6. NJIA YA KUPITA

Hatua ya kwanza: zungumzeni. Kaeni na wazee au viongozi wa dini mnaowaamini. Mkikubaliana, andikeni siku, saa na majukumu, mtie sahihi mbele ya mashahidi.

Hatua ya pili: kamati ya RWC ya kijiji chenu na wafanyakazi wa ulinzi wa watoto. Hawa husuluhisha. Hawana mamlaka ya hakimu, lakini mara nyingi shauri huishia hapo kwa amani.

Hatua ya tatu: afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Huyu anaweza kutembelea nyumba zote mbili na kuandika ripoti kwa ajili ya mahakama. Usisafishe nyumba kwa ajili yake tu. Mwonyeshe maisha yako ya kweli.

Hatua ya nne: Mahakama ya Familia na Watoto ya wilaya. Kwetu sisi ni Wilaya ya Isingiro. Mahakama ya kutembea nayo imewahi kuletwa Nakivale, kwa hiyo uliza ofisi ya ulinzi. Mahakama hii husikiliza faraghani, na hakimu huuliza maswali kwa utulivu. Si mahali pa kutukanana. Mashirika ya msaada wa sheria, kama Refugee Law Project, huweza kukueleza namna ya kuandika ombi.

Kama kuna kipigo au hatari, usianze na usuluhishi. Nenda polisi na kituo cha afya kwanza.

Chukua karatasi ya familia, kadi za kliniki, ripoti za shule na makubaliano yoyote mliyoandika. Ukipata amri, tengeneza nakala, na ile yenyewe iweke ndani ya plastiki isilowe mvua.

7. SAFARI YA NCHI YA TATU

Wengine hukimbilia karatasi pale tu wanapoitwa kwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine. HCR huuliza mzazi wa pili yuko wapi, na kama amekubali mtoto asafiri. Pasipo makubaliano wala amri, inabidi kwanza kuchunguza maslahi ya mtoto, na faili husubiri. Usiseme mwenzako alikufa wakati yuko hai. Uongo huo ukigunduliwa unaweza kusimamisha safari ya nyumba nzima, na mtoto atakuja kuujua. Kama kweli hujui mwenzako alipo tangu vita, Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta ndugu waliopoteana.

Kwa hiyo, malezi yapangeni mapema, wakati hakuna safari wala ugomvi mpya.

KUMBUKA

- Ndoa inaweza kwisha. Uzazi hauishi.
- Amri ya malezi ni ratiba ya mtoto. Si kombe la mshindi.
- Kukosa matunzo hakufuti ziara, na kukosa ziara hakufuti matunzo.
- Kadi na dawa husafiri na mtoto.
- Penye kipigo, usalama kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI AU KWENYE KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, wazazi wakiachana, nani huamua mtoto abaki wapi? Je, mtoto huulizwa?
2. Baba hana kazi, lakini analima shamba dogo. Anaweza kuchangia nini kila mwezi bila kungoja fedha?
3. Mama anataka kuhamia Kampala na watoto. Afanye nini kwanza?
4. Jirani yako hutumia mtoto kubeba matusi kwa mwenzake. Utamwambiaje bila kumvunjia heshima?

Mhudumu wa afya wa kijiji chako atakuja na maswali haya wakati wa kutembelea nyumba. Kama wewe na mwenzako hamuongei, mwite kila mmoja kwa wakati wake. Tutakuja mara mbili.