Saa Isikimbie Badala Yako

Saa janja ya mkimbiaji ina namba nyingi kuliko anazoweza kuzishughulikia mtu anayehema. Nyingi ziache. Kama nia ni kukimbia vizuri zaidi, si kutamba kwenye kundi la WhatsApp, anza na moja: hatua kwa dakika. Saa huzihesabu kwa kihisi kinachofuatilia mkono unavyobembea, na kwa kawaida haikosei sana, ila ukiwa unasukuma kigari cha mtoto. Mapigo ya moyo ni habari nyingine. Husomwa kwa mwanga wa kijani, na mkanda ukilegea hesabu huvurugika. Ukiona mapigo 160 na hatua 160, huenda saa inakuhesabia miguu mara mbili: kama hatua, na kama mapigo.

Kwanza jua ulipo. Kimbia dakika 20 kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, usitazame saa, kisha ukirudi nyumbani soma wastani kwenye simu. Tuseme ni 160. Hapo hakosekani mtu wa kukuambia sharti ifike 180. Namba hiyo ilitokana na kocha Mmarekani Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akakuta karibu wote wanafikia 180 au kuzidi. Lakini wale walikuwa mashindanoni, na kasi yao si yako wala yangu. Ongeza asilimia 5 tu, yaani ufike 168. Kasi ibaki ileile. Hatua ndiyo ifupike, mguu utue karibu na usawa wa kiwiliwili badala ya kutangulizwa mbele. Utafiti wa Bryan Heiderscheit na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa nyongeza ndogo kama hiyo hupunguza mzigo kwenye goti. Vigimbi vitalalamika siku za mwanzo. Vikiuma kweli, pumzika.

Sasa tega mlio au mtetemo wa saa kwenye 168, lakini usiuache ukuandame njia nzima. Mwaka huohuo wa 1984, watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti za jinsi watu wanavyojifunza mijongeo, wakaeleza kwamba anayepewa majibu kila mara hung'ara mazoezini, kisha hushuka majibu yakiondolewa. Kwa hiyo wiki ya kwanza, dakika moja ya mlio, moja ya kimya. Wiki ya pili, dakika moja ya mlio kwa nne za kimya. Humo kwenye kimya ndimo mwili unamolazimika kujisikiliza.

Kuanzia wiki ya tatu, kisia. Kabla ya kutazama saa, taja namba kwa sauti, ndipo uangalie. Ukikosea kwa hatua mbili tatu tu siku kadhaa mfululizo, zima mlio. Uwashe tena siku utakayobadilisha viatu, au utakapotoka kwenye lami kuingia mchangani.