Injini Zenye Majina ya Milima

Katika miaka ya 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ililetewa injini 34 za mvuke, zilizoundwa Manchester, Uingereza. Kila moja ilipewa jina la mlima. Zilipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, nazo zilivuta shehena na abiria pia.

Injini moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na njia ya reli ina upana wa meta 1 tu. Iliwezaje kuichukua? Tazameni watu wabebao gogo: wakiwa wawili huwalemea, wakiwa wengi, kila mmoja hupata sehemu ndogo. Vivyo hivyo uzito ule uligawanywa juu ya magurudumu 28. Tena injini ilikuwa na viungo: maji mbele, pipa la mvuke katikati, mafuta ya moto nyuma, basi ilijipinda penye kona.

Baadaye injini za dizeli zilishika kazi hiyo. Moja ya zile za kale, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa Nairobi. Mlima wenyewe u Tanzania, karibu na Ziwa Natron, mashariki ya Serengeti yetu.

Maswali
1. Kwa nini reli haikulemewa?
2. Injini ilipitaje penye kona?